Nani Anaijua Sauti ya Mwana Mize?

Jirani yao, Bi Hidaya, anasema aliiona kwa macho yake. Si kuisikia: kuiona. Anasema ilikuwa baada ya alasiri, jua limelegea, naye amekaa kizingitini anachambua mchicha, mara akaiona sauti ya Mwana Mize inatoka kwenye mlango mkubwa wa nyumba ya pili, peke yake, bila ya mwenyewe. Haina shela wala mwavuli. Ikashuka vipandio vitatu kama mtu aliyechelewa, ikafika kichochoroni, ikasimama na kutazama huku na huku, kama mgeni asiyejua soko liko upande gani. Kisha ikakunja kulia. Bi Hidaya anaapa kwamba huko sokoni ilikwenda kusimama mbele ya muuza chumvi ikamwuliza kama chumvi ile ni ya leo au ya juzi, na wanaume wote waliokuwapo wakainama wakajifanya wanakaza kanda za makubadhi yao, na nusu yao walikuwa pekupeku.

"Ilikuwa na rangi gani?" wanawake wenzake wakamwuliza.

"Ya kahawa iliyopoa," akasema Bi Hidaya. "Tena ilinipita karibu hivi, isinisalimie. Mimi! Jirani wa ukuta mmoja!"

Bi Hidaya huongeza. Akikuambia nyoka, tafuta kamba. Akikuambia kamba, tafuta uzi. Lakini uzi huwapo siku zote, na uzi wa habari hii ni kwamba Mwana Mize, mjane aliyekuwa ndani ya eda ya mumewe, alikuwa kweli amesema kitu, na kitu hicho kilikuwa kweli kimevuka ukuta.

Mji wenyewe hauna jina hapa. Ulikuwa nalo, lakini kila aliyeutawala alipoondoka aliondoka nalo, na aliyefuata akaja na lake. Wenye kalenda wanasema hiyo ilikuwa karne ya kumi na tisa. Ndani ya nyumba ya Mwana Mize hapakuwa na karne. Palikuwa na mwaka wa boriti iliyoliwa na mchwa, na mwaka wa binti yake Tima kuota meno, na alasiri fulani ya zamani iliyokuwa ikirudi mara kwa mara kwenye ukuta wa mashariki, mwanga uleule, nzi yuleyule, kwa sababu mawe ya matumbawe yana matundu na kila kinachoingia humo huchelewa kutoka.

Nyumba ilikuwa yake. Baba yake alimjengea alipoposwa, kama ilivyokuwa desturi ya watu wale: mume huja na kilemba chake, nyumba humkuta. Na katika chumba cha ndani baba yake aliwaamuru mafundi wachonge ukuta mzima vidaka, vile vishubaka vya chokaa ambavyo wanawake wengine hupangia sahani za kupendeza macho. Vilikuwa ishirini na saba. Mwana Mize hakupanga sahani. Katika kila kidaka alifunika bakuli, na chini ya kila bakuli iliwekwa sauti yake ya mwaka mmoja, tangu alipokuwa na miaka tisa akatiwa ndani, mpaka mwaka huu wa thelathini na tano alipofiwa.

Maana mji ule ulimsifu mwanamke kwa kutosikika. Mwana Mize walimsifu mpaka sifa zikawa ukuta wa pili. Wakisema: yule mke wa heshima, hata paka wake hulia kwa kunong'ona. Mwanamume akija mlangoni, Mwana Mize husema polepole sikioni mwa binti yake mkubwa, Somoe, naye Somoe hulibeba neno mpaka nje. Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama ya mama yake. Hakuona tabu. Mtu haoni tabu ya mlango uliofungwa mpaka siku nyumba inapoungua.

Na sasa ilikuwa inaungua, ingawa bila moshi. Bwana Shekuwe, mdogo wa marehemu, alikuwa akija kila Ijumaa na kikapu cha ndimu, anakaa barazani, anampapasa Somoe kichwani.

"Mwambie mama yako asihuzunike. Eda ikiisha nitahamia hapa, niwalee watoto wa ndugu yangu."

Somoe akaingia, akatoka. "Mama anasema nyumba hii ni yake, ami."

"Yake?" Bwana Shekuwe akacheka kwa upole, cheko la mtu anayemchekea mtoto aliyepaka uji puani. "Miaka yote hii mji unasema nyumba ya ndugu yangu Bwana Haji. Kuna aliyesema nyumba ya Mwana Mize? Mwambie, nyumba ni kubwa mno kwa kilio kimoja. Wewe kuna mtu mwema nimekwisha kukusemea kwake. Ndugu yako Lali atakuja kwangu shambani. Tima atalelewa na mke wangu, hana mtoto, maskini. Mtagawanywa kwa mapenzi."

Somoe akaingia na maneno yale. Safari hii hakutoka.

Basi Mwana Mize akaitisha karani wa kadhi. Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki katika eda yake. Alikuwa ameyatayarisha maneno siku arobaini, ameyafua, ameyaanika, ameyakunja. Alitaka kuiweka nyumba wakfu kwa watoto wake, isiwe ya mtu wa kuuza wala wa kugawa. Pazia likatundikwa kati ya ukumbi na baraza. Karani akakaa nje juu ya mkeka, akachonga kalamu yake ya tete. Na Mwana Mize, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema na mwanamume wa kando bila kumpitishia mtoto.

"Nyumba yangu hii, niliyojengewa na marehemu baba yangu, isiuzwe, isigawanywe. Ni ya Somoe na Lali na Tima, na watakaotoka kwao. Kisima kisitiwe kufuli. Lali akae ukumbi wa nje, lakini asiwe na haki ya kumwuliza dada yake, unaondoka lini. Na chumba cha ndani kiachwe kitupu siku zote, kwa ajili ya binti atakayerudi. Akirudi ameachwa, aingie. Akirudi amefiwa, aingie. Akirudi kwa kuchoka tu, aingie, na asiulizwe swali mpaka awe amekula."

Akatega sikio.

"Mbona sisikii kalamu?"

"Kalamu haiendi, mama," karani akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekula kiapo cha kalamu, basi. "Kwanza, nani anaijua sauti hii?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mize binti Mataka."

"Kila aliye nyuma ya pazia husema mimi, mama. Sheria yataka wanaume wawili wazima, waseme: tunaijua sauti, ni yake. Ndipo niandike. La sivyo, kesho atakaa hapo mke wa mtu yeyote, anigawie mji mzima."

Mwana Mize akataka kucheka, akaona hakuna cha kucheka. Baba yake alikuwa amekufa. Kaka hakuwa naye. Mumewe alikuwa ndiyo hiyo eda. Mtu mwingine aliyewahi kumsikia alikuwa Shekuwe, siku ya msiba.

"Mama," Somoe akamnong'oneza, "Fundi Famau je?"

Fundi Famau alikuwa mwashi wa nyumba ile. Kila mwaka kabla ya mvua alikuja kupaka chokaa, na kila mwaka alipokea maagizo ya Mwana Mize hapo mlangoni: hapa pamepasuka, hapa umetia mchanga mwingi, mwaka jana ulinidanganya. Alikuwa mtu mnyoofu, wa kupima hata mate kabla ya kuyatema. Wakamwita. Akaja na vumbi lake, akakaa kando ya karani.

"Unaijua sauti ya Mwana Mize?"

"Kama naijua nyundo yangu. Miaka minne ananigombeza."

"Sema, mama."

Mwana Mize akasema. Akayarudia yote, kisima, ukumbi, binti atakayerudi. Alipomaliza, Fundi Famau alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepewa jiwe la pembe tano alitie katika tundu la pembe nne.

"Wallahi, karani, siwezi kula yamini ya uongo. Mwana Mize sauti yake nyembamba, inapanda mwishoni. Huyu mama simjui."

"Fundi!" Somoe akalia, akitoka nyuma ya pazia na sinia la kahawa. "Ni yeye! Huyo ndiye mama!"

Uso wa Famau ukang'aa. "Hiyo!" akasema, akimwonyesha karani kwa kidole cheupe cha chokaa. "Hiyo ndiyo sauti ya Mwana Mize!"

Karani akamtazama mtoto wa miaka kumi na miwili. Akaitazama karatasi. Akaikunja.

Haya, hapo ndipo mtu anapotaka kupiga ukuta kwa kichwa. Maana Famau hakusema uongo. Somoe hakusema uongo. Karani hakusema uongo. Wakweli watatu walikaa baraza moja, na haki ikawapita katikati kama paka. Kuna uongo ambao hausemwi na mtu. Hujengwa polepole na watu wema, kila mmoja akiweka jiwe lake la ukweli, mpaka unasimama na kupata paa. Somoe mwanzo alikuwa akisema "Mama anasema chokaa ni mbovu." Mwaka wa pili akafupisha, kwa kuwa mtoto hupenda kufupisha, akawa anasema "Chokaa ni mbovu." Na Mwana Mize, ndani, alisikia neno lake likitoka nje likiwa zima, likitiiwa, akaridhika. Hakujua kwamba kila linapotoka linaisahau nyumba yake.

Akaingia chumba cha ndani. Akakaa mbele ya vidaka.

*Kama hakuna anayenijua, nani basi anakaa eda?*

*Nani alizaa hawa watatu? Waliambiwa yupo. Waliamini, kama wanavyoamini kwamba chini ya nyumba kuna msingi.*

*Msingi hauulizwi jina. Msingi haugombezi fundi.*

*Walinisifu. Sikuwaomba. Laiti wangenitukana mara moja, nikawajibu, wangenijua.*

*Nilie? Nililia. Mji mzima ulisikia. Lakini kilio ni cha kila mjane, hakina jina ndani yake.*

Siku tisa zilibaki. Akamkumbuka Maalim Zahidi. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo, kipofu tangu ujana wake, aliyemfundisha kusoma alipokuwa mtoto mpaka siku alipotiwa ndani. Alikuwa mzee sana sasa, mikono yake imekuwa kama mizizi ya tangawizi, lakini alijulikana kwa jambo moja: hakuwahi kusahau sauti ya mwanafunzi. Akaletwa. Karani naye akaja, amechoka kidogo, ametia wino mpya.

Mwana Mize akasema kwa sauti yake ya kila siku. Maalim akatikisa kichwa. "Simjui mama huyu. Anisamehe."

Ndipo Mwana Mize akafanya jambo asilowahi kulifanya. Akaenda kwenye kidaka cha kwanza, cha chini kabisa, kule pembeni ambako chokaa ilikuwa imegeuka manjano, akafunua bakuli. Alasiri ile ya zamani ikaingia chumbani, mwanga uleule, nzi yuleyule. Sauti ilikuwa imelala. Akaichukua kwa mikono miwili kama kifaranga, akaitia kinywani, akarudi kwenye pazia, akasoma vile alivyokuwa akisoma chuoni, akimeza herufi ya mwisho ya kila neno.

Maalim Zahidi akaanza kulia. Machozi ya kipofu hayana haraka. Yalishuka moja moja.

"Mize binti Mataka," akasema. "Nilikupiga fimbo kwa ajili ya herufi hiyo, na hukuacha. Naam, ninamjua. Ni yeye."

"Alhamdulillahi," karani akasema, akachovya kalamu. "Shahidi wa kwanza."

"Ngoja." Mzee akainua kidole. "Mimi nashuhudia ninachokisikia. Uandike na umri wake. Sauti hii ina miaka tisa."

Kalamu ikasimama.

"Mtoto wa miaka tisa haweki wakfu, Maalim."

"Ndivyo."

"Haweki hata kuku."

"Ndivyo. Wala si mimi niliyeiweka sheria."

Nyuma ya pazia Mwana Mize aliuma shela yake ili asipige kelele. Na kelele yenyewe ingekuwa ya mtoto. Ushahidi wa mzee ulikuwa huu: mwanamke mzima simjui. Ninayemjua hajawa mwanamke. Katikati yake miaka ishirini na sita imefunikwa mabakuli, safi, imepanguswa vumbi kila Alhamisi, haina shahidi hata nzi.

Siku iliyofuata Bwana Shekuwe alikuja ingawa haikuwa Ijumaa. Hakumtafuta Somoe. Alizungumza moja kwa moja na pazia.

"Shemeji, nasikia unatafuta mtu wa kukujua. Mbona unakwenda mbali? Mimi nakujua. Siku ya msiba kabla hujalia ulisema maneno mawili, nami nilikuwa nimeshika miguu ya maiti. Siwezi kuisahau sauti ile mpaka nife. Nitakushuhudia, na shahidi wa pili namleta mimi."

Mwana Mize akasogea karibu na pazia.

"Ila karatasi iwe hii." Ikasikika karatasi ikikunjuliwa. "Ya kunikabidhi nyumba niiangalie. Karatasi ni yangu, sauti ni yako, tunakutana katikati. Ukikataa si kitu. Eda itakwisha, nami nitakuja na mkeka wangu, na nani atanizuia? Mtu asiyekuwapo?"

Alisubiri jibu. Alipochoka akaondoka, akaacha ndimu.

Hapo ndipo ilipotokea ile ambayo Bi Hidaya anaieleza kwa njia yake. Hakuna sauti iliyoshuka vipandio. Mwana Mize alipanda orofani baada ya swala ya alasiri, akafungua lile dirisha dogo la mbao zilizotobolewa linaloelekea kichochoro cha sokoni, akasema. Hakuimba, hakulia, hakumwita mtu. Alisema wasia wake, kutoka "nyumba isiuzwe" mpaka "awe amekula". Na siku ile ya kwanza alisema kwa sauti ya miaka tisa, halafu akafunua bakuli la pili akasema kwa ya kumi, halafu ya kumi na moja. Siku ya pili akatoa nne. Siku ya tatu nne. Alikuwa amehesabu: alasiri saba, mabakuli ishirini na saba, ili sauti ikue mbele ya masikio ya watu, hatua kwa hatua, asije mtu tena akasema huyu si yule.

Kule chini kichochoro kilijaa. Walioona haya walisimama upande wa pili wa kona. Muuza chumvi alisahau kufunika chumvi, ikanyeshewa. Siku ya nne ilitoka sauti ya ubiharusi, na vijana wakatazama miguu yao. Siku ya tano ikatoka ile ya mwaka alipozika mtoto wa kwanza, ambaye hatajwi katika wasia, na ilipofika "binti atakayerudi" ikasita kidogo kabla ya kuendelea. Fundi Famau alikuwa juu ya ngazi, nyumba ya tatu, anapaka ukuta. Mwana Mize alimwona kupitia matundu ya dirisha. Mwiko wake ulikuwa umesimama hewani na chokaa inamdondokea kwenye ndevu.

Bi Hidaya alikuja mbio siku ya sita, akaingia bila hodi.

"Mwenzangu, umeivua nyumba nguo! Wanaume wanaijua sauti yako kama wimbo. Nani atakuja kuposa hapa? Yule mtu wa Somoe amekwisha kusema hataki. Umewafungia mabinti wako mlango wa ndoa!"

"Somoe hajaulizwa kama alimtaka."

"Na Tima je? Na jina lako? Miaka thelathini na tano ya heshima, shoga, umeimwaga dirishani kama maji ya mchele!"

"Heshima ile niliiomba mashahidi wawili," akasema Mwana Mize, "haikunipa hata mmoja."

Bi Hidaya akakaa chini. Alikuwa na machozi ya kweli, ingawa pia alikuwa anaangalia vidaka ili ajue yapi mabakuli yamekwisha kufunuliwa. "Wasipoolewa wataishi wapi, hawa wasichana?"

"Ndiyo maana nimekiacha chumba."

Hakusema kwamba usiku halali. Hakusema kwamba kila bakuli analolifunua, kidaka chake hubaki kitupu kwa namna ambayo si utupu wa kawaida, kama jino liking'oka na ulimi haukomi kwenda pale. Alikuwa ametoa kila alichokiweka akiba. Kama hii nayo haikutosha, hakuwa na kingine.

Siku ya mia na thelathini ikafika, siku ya mwisho ya eda. Baraza ilijaa. Karani alikaa juu ya mkeka. Kulia kwake Maalim Zahidi, kushoto Bwana Shekuwe amefunga mkeka wake mpya kwa kamba, ameuegemeza ukutani, na karatasi yake iko mapajani. Mbele walikaa wanaume wa mtaa: muuza chumvi, mshona kofia, wawili watatu wa sokoni, na Fundi Famau amenawa mpaka viwikoni.

Nyuma ya pazia Mwana Mize hakuwa peke yake. Tangu asubuhi Somoe alikuwa amevunja ungo. Bi Hidaya alikuwa wa kwanza kujua, na wa kwanza kusema: basi, mtoto haendi tena mlangoni. Ile sauti nyembamba inayopanda mwishoni, ambayo mafundi waliitii miaka minne, ilikuwa imeingia ndani saa tatu za asubuhi na haikutoka. Somoe alikaa kando ya mama yake, ameshika bakuli moja mapajani, bakuli safi lililofunuliwa jana.

"Mama," akanong'ona, "mimi yangu nitaiweka kidaka gani?"

Mwana Mize akalichukua bakuli lile, akaligeuza juu, akatia tende sita, akamrudishia. "Kula," akasema. Kisha akaligeukia pazia, akasema wasia wake wote, taratibu, kwa sauti ya miaka thelathini na tano.

Alipomaliza, Maalim Zahidi hakungoja kuulizwa.

"Nilimwacha na miaka tisa," akasema. "Alasiri saba hizi nimekaa chini ya dirisha nikamfuata mwaka kwa mwaka mpaka hapa. Hakuna mwaka aliouruka. Ni yeye yule, tena ni mtu mzima. Mimi ni shahidi."

"Wewe ni kipofu, Maalim, ruhusa kwako kukaa chini ya dirisha," Bwana Shekuwe akasema, na wanaume wakacheka kidogo, kicheko kikafa upesi.

Karani akaandika jina la mzee. Akainua uso. "Shahidi wa pili. Nani anaijua sauti hii?"

Pazia lile lilikuwa la kitani, na kwenye upindo palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Mwana Mize aliweka jicho. Aliwaona wote. Alikuwa amemwona muuza chumvi, wakati yeye mwenyewe akisema wasia, midomo ya mtu huyo ikienda pamoja na yake: asiulizwe swali mpaka awe amekula. Aliijua. Mshona kofia aliijua; alifumba macho pale sauti ilipofika kisimani, kama mtu anayejua njia. Waliijua wote. Na sasa kila mmoja alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, na Mwana Mize akaelewa, kwa hasira iliyokuwa baridi na iliyochelewa sana, jambo ambalo hakulipima alipokuwa akihesabu mabakuli. Atakayesema naijua amesema vilevile: nilisimama chini ya dirisha la mjane ndani ya eda yake, nikasikiliza, siku saba. Mke wake atasikia. Msikiti utasikia. Kwanza hawakumjua kwa sababu alijificha. Sasa hawamjui kwa sababu wanamjua.

"Hakuna?" karani akauliza.

Bwana Shekuwe akakohoa, akanyoosha karatasi yake.

Fundi Famau alikuwa akijikwangua chokaa kwenye kucha. Kucha zilikuwa safi. Aliendelea kukwangua.

"Fundi Famau," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Watu wakashtuka. Hakuna mwanamke wa mji ule aliyewahi kumwita mwanamume kwa jina mbele ya baraza.

"Siku ile ulikataa kula yamini ya uongo, nami sikukulaumu. Chokaa yako haikuwa mbovu, Fundi. Ilikuwa nzuri, mwaka wa kwanza mpaka wa nne. Nilisema mbovu ili usije ukazembea. Nilitaka kukwambia mwenyewe."

Mikono ya Famau ikatulia. Akainua kichwa, akalitazama pazia, pale hasa kwenye lile tundu, kana kwamba fundi wa ukuta hawezi kukosa kuona ufa. Ndani, Somoe alikuwa ameacha kutafuna. Karani alichovya kalamu akaishika juu ya karatasi, na tone la wino likakusanyika kwenye ncha, likanenepa.

"Neno moja tu, Fundi," akasema Mwana Mize. "Nakuomba. Sema unaijua."